Wino Uliomwagika: Hotuba kwa Mafundi Simu wa Mombasa

(Waliokosa kufika Jumamosi wameniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha nje; hata ukumbini nusu yenu hamkuziona kwa jua la dirishani.)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote?

Mzee mwenyekiti, shikamoo. Mafundi wa vibandani, wanafunzi wa chuo, dada zangu mliovuka feri alfajiri ili muwahi, ahsanteni. Niliambiwa mafundi hawaji kusikiliza hotuba, wanakuja kunywa chai. Chai bado haijaletwa na mmejaa, kwa hiyo nitajitahidi.

Kwanza pokeeni hizi simu mbili. Ni za aina moja, kuukuu, na kioo cha kila moja ni OLED, yaani skrini ambayo kila nukta yake hujiwakia mwanga wenyewe. Wiki tatu zilizopita nilizitoboa pembeni ya kioo kwa ncha ya msumari, siku moja, mahali palepale. Moja nimeibandika herufi A, nyingine B. Ziwasheni, mtazame lile doa jeusi, kisha mpitishe kwa jirani. Na tafadhali zirudi hapa mezani. Nawajua mafundi simu, nimekuwa mmoja wao.

Mteja akikuletea simu yenye doa kama hilo husemaje? Husema, "Fundi, simu imemwaga wino." Nawe hujibu, "Kweli, wino umemwagika, tafuta pesa ya kioo." Sasa nawauliza: wino gani? Nani hapa amewahi kuufuta kwa kitambaa? Kwenye kioo cha LCD, ile skrini inayomulikwa na taa ya nyuma, kuna kimiminika kweli, na kikivuja kimevuja. Ndani ya OLED hakuna hata tone moja. Ni kukavu kabisa. Cheusi mnachokiona hakikutoka mahali popote. Kuna kitu kimeingia: hewa na mvuke wa maji vimepita kwenye ufa, vimeharibu utando mwembamba wa metali na tabaka za chini yake, na pale palipoguswa taa imezimika. Ndiyo maana doa linakua. Wino ungemwagika ukakauka. Hili linaendelea kula, leo choroko, kesho ukucha.

Shikeni jambo hilo moja, kwamba kuna kitu kimeingia, kwa sababu historia nzima nitakayowasimulia inalizunguka.

Vitabuni fani hii huitwa elektroniki za ogani. Msifikirie sukuma wiki isiyopuliziwa dawa. Maana yake ni kwamba kinachofanya kazi ya umeme ni molekuli za kaboni, ndugu wa plastiki na wa rangi za nguo, pale ambapo tumezoea kuona silikoni na metali. Na plastiki tunaijua kama kihami. Tunaivisha waya ili tusipigwe. Nani basi aliyeifanya ipitishe umeme?

Ilianza kwa kosa la vipimo. Mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi mkemia Hideki Shirakawa mjini Tokyo, mtafiti mgeni alikuwa akitengeneza plastiki iitwayo poliasetilini. Kawaida ilitoka kama unga mweusi usio na faida. Siku hiyo alitia kichocheo mara elfu moja zaidi ya kilichotakiwa. Mara elfu! Ni kama mtu aliyeambiwa atie kijiko cha chumvi akamwaga ndoo nzima. Juu ya kimiminika ukajitandaza utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa angeweza kuutupa na kumgombeza mgeni wake. Aliuhifadhi, akajifunza kuutengeneza makusudi.

Miaka ikapita. Mkemia mmoja, Alan MacDiarmid, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Marekani, alitembelea Tokyo. Wakati wa mapumziko ya chai, nasema tena, wakati wa chai, akakutana na Shirakawa na kusikia habari za ule utando. Akamwalika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako walishirikiana na mwanafizikia Alan Heeger. Waliufukiza utando kwa mvuke wa iodini, iodini hiihii ya kidondani, na upitishaji wake wa umeme ukapanda mara milioni kumi na zaidi. Walitangaza mwaka 1977. Mwaka 2000 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Je, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kubadilisha kipuri cha poliasetilini? Hakuna. Ukiuacha utando ule hewani unaharibika. Plastiki ya kwanza kupitisha umeme vizuri iliuawa na hewa. Mnaona tunakoelekea.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana huo ndio mkate wenu. Kampuni ya Kodak, ile ya filamu za picha, ilikuwa na mkemia mjini Rochester aitwaye Ching Tang. Yeye na mwenzake Steven Van Slyke walitandaza tabaka mbili za molekuli za kaboni, moja juu ya nyingine. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko tabaka zote mbili kwa mamia ya mara. Wakapitisha umeme usiofika volti 10. Ukatoka mwanga wa kijani, mwanga wa kutosha hasa. Wakaandika makala mwaka 1987, na babu wa kila OLED iliyoko vibandani kwenu ni yule.

Kodak ilifanya nini na dhahabu hiyo? Mwaka 2009 iliiuzia LG biashara yake ya OLED. Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sitasema mengi hapo. Kila mtu hupenda kumcheka Kodak, na mimi naona si haki sana: kuvumbua kioo ni kazi moja, kujenga kiwanda cha vioo ni kazi nyingine, na ya pili hula mabilioni kabla haijarudisha senti.

Lakini kuna jambo moja la kioo hicho ambalo nataka mlijue kuliko mteja wenu. Katika OLED ya simu, kinachowaka ndicho cha kaboni. Transista za nyuma, zile zinazowasha na kuzima kila nukta, nyingi ni za silikoni. Na hata kioo kinachojikunja hakitengenezwi kikiwa kimekunjwa. Plastiki hupakwa juu ya bamba la kioo kigumu, kila kitu hujengwa juu yake, molekuli hufukizwa ndani ya vyumba vilivyonyonywa hewa yote, kisha mwisho kabisa leza hubandua ile plastiki kutoka kwenye bamba. Kwa hiyo mkiuona ule mstari wa kijani unaosimama katikati ya skrini, ule unaowagombanisha na wateja, msizilaumu molekuli. Mara nyingi ni kiungo cha waya au transista. Tofauti hiyo ni muhimu: doa linalokua lina chanzo chake, na mstari ulionyooka una chanzo chake.

Sasa nije kwenye ndoto. Huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1989, kikundi cha mwanafizikia Richard Friend kilipata mwanga kutoka kwenye plastiki ya aina nyingine, na makala yao ikatoka 1990. Plastiki za namna hii zinaweza kuyeyushwa zikawa kama rangi. Na kitu kikiwa kama rangi, mtu hujiuliza nini? Hujiuliza: kwa nini nisikichape? Kwa nini nisitengeneze saketi kama gazeti linavyochapwa, mita kwa mita, kwa bei ya gazeti? Hapo ndipo watu wazima wenye shahada zao walipopoteza usingizi. Skrini ya kukunja kama mkeka! Paneli ya sola ya kukata kwa mkasi! Mimi mwenyewe niliisomesha ndoto hiyo kwa wanafunzi, kwa sauti kubwa, na kuna wanafunzi hapa ukumbini wanaonidai.

Nitawapa hadithi mbili, na ya kwanza inaniuma.

Kutoka Cambridge hiyohiyo ilizaliwa mwaka 2000 kampuni ya Plastic Logic. Wao waligeuza mambo: transista za nyuma ndizo zilizokuwa za plastiki, na mbele wakaweka karatasi ya kielektroniki isiyotoa mwanga. Mwaka 2008 wakafungua kiwanda Dresden, Ujerumani. Januari 2010 wakaionyesha Las Vegas bidhaa yao, Que, kisomeo chembamba cha wafanyabiashara, skrini yake ya plastiki isiyopasuka kama kioo. Bei ya chini dola 649. Mafundi, fikirieni: skrini isiyopasuka! Mwezi haukuisha, Apple ikaitangaza iPad, yenye rangi, yenye video, ikianzia dola 499. Agosti mwaka uleule Que ilifutwa kabla haijafika dukani. Transista za plastiki zilifanya kazi. Ufundi haukuwa na lawama. Ilichelewa, na kilichotoka kilikuwa ghali kuliko kilichoahidiwa.

Ya pili ni ya Konarka, kampuni ya Lowell, Massachusetts, iliyoanzishwa 2001 huku Heeger wa Nobeli akiwa mmoja wa waanzilishi. Walichapa sola juu ya plastiki. Walinunua hata kiwanda cha zamani cha Polaroid. Walipoanza, silikoni ilikuwa ghali na hoja yao ilisimama vizuri: yetu inatoa umeme mdogo kuliko ya silikoni, lakini bei yake itakuwa rahisi. Mnakumbuka kilichotokea kwa bei ya paneli? Mnamo 2008 wati moja ya paneli ya silikoni iligharimu dola 4 hivi. Kufika 2012 ilikuwa chini ya dola 1. Juni 2012 Konarka ikafilisika. Ukishindana na mtu kwa urahisi wa bei, naye akashusha bei kila msimu, utamshinda kwa nini?

Nikiwa hapohapo kwenye ndoto, kuna kisa kimoja cha aibu ambacho wenzangu wa vyuoni hawapendi nikisimulie mbele za watu. Miaka ya 2000 na 2001 kijana mmoja katika maabara ya Bell, New Jersey, Jan Hendrik Schön, alikuwa akitoa makala za ajabu kuhusu transista za molekuli za kaboni, moja baada ya nyingine, kasi isiyo ya kawaida. Watu duniani walijaribu kurudia majaribio yake wakashindwa, wakadhani wao ndio hawajui. Mpaka wanafizikia wawili, Lydia Sohn na Paul McEuen, walipoziweka grafu zake pamoja wakaona mikwaruzo midogo midogo, ile inayotokea kwa bahati tu, ni ileile kwenye majaribio tofauti. Ninyi mnaijua hali hiyo. Simu mbili, IMEI moja, ile namba ya utambulisho ambayo kila simu hupewa yake. Ukiona hivyo unaulizia nini tena? Septemba 2002 kamati ilimkuta na makosa katika tuhuma 16 kati ya 24, akafukuzwa siku ileile.

Turudi nyumbani, maana kuna sehemu ya hadithi hii iliyopita Kenya na wengi hawajui.

Mwaka 2010, Cambridge ilizaa kampuni nyingine ya sola za plastiki, wakaiita Eight19. Jina hilo ni dakika 8 na sekunde 19, muda unaotumiwa na mwanga wa jua kufika duniani. Nia yao ilikuwa kuchapa sola nyepesi, na walijua wazi kwamba soko lipo vijijini, kwa watu wanaonunua mafuta ya taa kila jioni. Mwaka 2011 wakaja Kenya na mtambo walioupa jina IndiGo: paneli ndogo, kisanduku cha betri, taa, na pa kuchajia simu. Unalipa kianzio kidogo, kisha unanunua kadi ya kukwangua, unatuma SMS, unapewa namba, unaibonyeza kwenye kisanduku, kinawaka mpaka siku zako ziishe. Kama salio la simu.

Na paneli yenyewe ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya silikoni, ya kawaida tu. Plastiki ilikuwa bado maabara. Kampuni ya sola za plastiki imekuja kwetu bila sola za plastiki, na kilichofanya kazi ni kadi ya kukwangua! Mwaka 2012 sehemu hiyo ya biashara ikajitenga ikawa kampuni ya Azuri. Mwaka huohuo M-KOPA nayo ikaanza kuuza sola zake kwa malipo ya M-Pesa, na leo mnazo vibandani simu za mkopo zinazojifunga mteja asipolipa, za ukoo uleule. (Msiniulize zinafunguliwaje. Mzee mwenyekiti ananitazama.)

Wadenmaki nao walijaribu njia yao. Karibu na 2010 watafiti wa maabara ya Risø, wakiongozwa na Frederik Krebs, walitengeneza taa nzima juu ya plastiki, sola yake ikiwa ya kuchapwa, kwa ajili ya mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, mpango ulioanza majaribio yake Kenya na Ghana. Ilikuwa kama karatasi ya daftari kubwa, gramu 50, sola, betri na taa ndogo vyote vimebandikwa humo. Mchana unaitandika juani. Usiku unaziunganisha pembe zake mbili kwa kifungo kama cha shati, inajikunja na kusimama, inawaka. Mpaka leo sijaona kifaa cha fani hii kilichonipendeza kama hicho. Lakini ikijaa chaji ilimulika kwa saa moja na kidogo tu. Mama anayesubiri mtoto amalize kazi ya shule utamwambia nini saa moja ikiisha?

Mtasema: sawa, basi imekufa. Hapana. Sola ya kaboni aliyoitengeneza Tang mwaka 1986 ilinasa asilimia 1 ya jua. Mwaka 2019 Wachina walitoa molekuli waliyoiita Y6, ikavuka 15, na sasa vipande vidogo vya maabara vimefika 20, karibu sawa na paneli ya silikoni iliyoko juu ya paa lako. Dresden kuna kampuni, Heliatek, inayotengeneza sola nyembamba za kubandika kwenye kuta na paa ambazo haziwezi kubeba uzito wa kioo. Tokyo, Takao Someya na wenzake walionyesha mwaka 2013 saketi yenye unene wa sehemu 2 kati ya elfu moja za milimita, mita nzima ya mraba ina gramu 3, wakati karatasi ya kawaida ya ofisini ina 80. Unaifinyanga kama kipande cha gazeti, unaikunjua, inaendelea kufanya kazi. Wanaitaka ikae juu ya ngozi ya mgonjwa bila yeye kuisikia.

Kwa hiyo kukunja tumeweza, na mwanga tumeweza, na sasa hata jua. Kinachobaki ni kile kilichoko mikononi mwenu.

Ili OLED idumu miaka, kifuniko chake hakitakiwi kupitisha zaidi ya sehemu moja kati ya milioni za gramu ya maji kwa mita ya mraba kwa siku. Namba hiyo haina ladha, basi nitaipika. Chukua uwanja wa mpira wa miguu, wote, goli hadi goli, uufunike kwa kifuniko hicho. Tone moja la maji litakuwa limepita baada ya wiki moja. Tone moja! Mfuko wa kawaida wa plastiki ungepitisha ndoo kwa ndoo. Kioo kigumu kinazuia maji vizuri bila hata kuombwa, lakini kioo hakikunjiki ila kikiwa chembamba mno. Plastiki inakunjika lakini inavuja. Ndiyo sababu hupakwa tabaka za madini na za plastiki kwa kupokezana, na kila tabaka ni pesa. Ile bei ya gazeti iliyoahidiwa iliishia hapo, kwenye kifuniko. Watu wanadhani ugumu uko kwenye kukunja. Mimi nasema ugumu uko pembeni, kwenye gundi.

Nanyi kazi yenu iko pembeni. Mnakumbuka Samsung ilipoitoa Galaxy Fold, mwaka 2019? Waandishi waliopewa za majaribio, wengine waliona utando juu ya skrini wakadhani ni ile nailoni ya dukani, wakaubandua. Skrini zikafa. Nyingine zilikufa kwa uchafu ulioingia kwenye bawaba. Uzinduzi uliahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba, na ziliporudi, ule utando ulikuwa umeingizwa chini ya fremu ili kucha isiupate. Kwa hiyo mteja akikuletea simu ya kukunja na kukwambia "ondoa hii protekta imekwaruzika", hakikisha kwanza ni protekta.

Na vioo mnavyoviagiza, mnavihifadhi wapi? Juu ya rafu, karibu na dirisha, upepo wa bahari unapita? Mkiwa mnatenganisha kioo cha juu na OLED kwa waya na moto, mnajua mnapita umbali gani kutoka kwenye ile gundi ya pembeni? Ukiigusa, simu itawaka vizuri mbele ya mteja, atalipa, ataondoka, na baada ya siku kumi atarudi na doa. Wewe utasema ameiangusha. Yeye atasema umemuuzia kopi. Nimeshuhudia ugomvi huo mara nyingi, na mara mbili nilikuwa mimi ndiye fundi.

Sasa nipeni majibu ya lile jaribio. Simu moja nimeiweka wiki tatu ndani ya mkebe wa maziwa uliofungwa kwa tepu, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nyingine imekaa kwenye baraza yangu, mita mia tatu kutoka baharini. Ya barazani ni ipi?

Huyo dada wa mstari wa nyuma anasema A. Kwa nini A? Sema kwa nguvu, wasikie. "Doa la A limeshafika kwenye kamera, la B bado ni kama choroko." Sawasawa kabisa. Na ya B nayo imekua, isipokuwa polepole, kwa sababu silika inanyonya maji tu, hewa iliyokuwa ndani ya mkebe ilibaki.

Naona chai imefika. B ninayo hapa mezani. A iko kwa nani?